Mlezi wa Chumba cha Roshani

Tai alikisikia chumba kabla hajamwona mwenye nacho. Alikuwa ameketi ukumbi wa abiria bandarini, gazeti la juzi limemfunika uso, mama mmoja wa makamo kwenye benchi la nyuma yake alipoanza kuongea na simu kwa sauti isiyo na siri. Alisema basi chumba cha roshani kitakwenda kitupu, kwa kuwa kile ni cha Mlezi, na Mlezi ameghairi safari asubuhi hiyo hiyo. Gazeti likashuka polepole mpaka macho yakaonekana.

Watu walimwita Tai kwa sababu hajawahi kuonekana bila tai shingoni, hata siku ambazo jua lingeweza kupasua mawe. Wengine, hasa waliowahi kufanya naye biashara, walishikilia kwamba jina lile ni la ndege, yule anayezunguka juu akingoja kilicho chini kiache kutikisika. Mwenyewe alizipokea maana zote mbili kwa unyenyekevu.

Kazi yake ilikuwa kuwachagulia watu vyumba vya melini, hasa wenye watoto wadogo. Hakuna aliyemwajiri, na ile meli nyeupe ya matembezi, ndefu kama mtaa, hajawahi kuikanyaga hata ngazi. Lakini ukimwona baba amebeba mtoto begani na mama ameshika chupa ya maziwa, wote wawili wanatazama picha za vyumba bila kuelewa, basi ujue Tai keshafika. Aliyekata chumba chenye roshani aliulizwa kwa huzuni kama anajua mtoto wa miaka mitatu anavyosukuma kiti mpaka mlangoni na kukipanda. Aliyekata cha ndani, kisicho na dirisha, aliulizwa kama mtoto wake amewahi kuamka gizani asijue kumekucha au bado, akaamsha ghorofa nzima. Omoni, mbele kabisa, kunarusha watu, tezini, huko nyuma, kunanguruma mitambo, chini ya ukumbi wa muziki hakulaliki, na ukiwa mbali na lifti utabeba kigari cha mtoto mpaka mgongo udai talaka. Somo likiisha, mzazi alikuwa tayari kutoa chochote ili abadilishiwe chumba, na Tai alikuwa tayari kukipokea.

"Na mkichukua viwili vyenye mlango wa kati," alikuwa akimalizia, kidole juu kama mhubiri, "komeo liwe upande wa mzazi. Mtoto ni wako, lakini usingizi nao ni wako." Katika yote aliyoyasema, hilo ndilo pekee aliloliamini.

Sasa biashara ilikuwa imeingia mchanga. Safari iliyopita alimchagulia mwenye bucha mmoja chumba "chenye bahari ukutani". Mwenye bucha alielewa dirisha. Alichokikuta, yeye na mke wake na watoto wanne, ni picha ya bahari ndani ya fremu, tena imetundikwa juu chini. Meli ilikuwa imerudi alfajiri, abiria wake wanangojea mizigo upande wa pili wa ukuta, na Tai alikuwa ameshasikia sauti nzito ikiwauliza walinzi kama wanamfahamu mtu mwembamba mwenye tai. Aliogopa kweli kweli. Mwenye bucha hakuwa mtu wa kwenda mahakamani, alikuwa na vifaa vyake. Mlango wa kutokea kwenda mjini ulikuwa mmoja, naye wakati wowote angeuziba kwa mabega. Ikabaki bahari.

Ndiyo maana neno Mlezi lilimkaa vizuri sikioni. Alimchunguza yule mama: kitambaa cha manjano kichwani, mkoba wa manjano, na juu ya mabegi kofia za manjano zimekunjwa zikawa ndogo. Sare hiyo. Tai akafanya hesabu yake haraka. Hiki ni chama cha akina mama, wanakwenda kutembea, na mlezi wao, mheshimiwa fulani, ameghairi saa za mwisho kama ilivyo desturi ya waheshimiwa. Walezi wa vyama aliwajua. Hukaa kiti cha mbele, husema maneno machache, hula kwanza, hulala pazuri. Kazi hiyo aliona alizaliwa nayo.

Akakaza tai, akazunguka benchi, akamwamkia. Mama akaitikia marahaba. Kwa sauti ya chini ya mtu mwenye ujumbe mzito, Tai akamweleza kwamba Mlezi amesikitika mno, ila ametuma mtu wa kushika nafasi yake, na mtu huyo ndiye yeye.

Yule mama, ambaye ukoo mzima ulimwita Shangazi na nusu ya soko ikaiga, alikuwa ameuza mitumba tangu wateja wake wa leo wakiwa tumboni. Mitumba humfundisha mtu kutazama. Alimkagua kuanzia viatu, akapanda mpaka kola, akaona tai imefungwa pale ili kuficha kifungo kisichokuwapo. Kisha akasogeza mkoba, akampisha akae.

"Umewahi kulea, au ndiyo unaanza?"

"Mama, nimelea wengi mpaka nimepoteza idadi."

"Wakubwa au wachanga?"

"Wachanga ndio raha yangu. Wale ambao hata kusimama bado."

"Wachanga wana kelele, baba. Sasa hivi wanapendana, ukigeuka wanang'oana nywele."

Tai alicheka kicheko cha mzoefu. Fitina za vyama alizijua. "Wote ndivyo walivyo. Ukiwagawia kidogo kidogo, sawa kwa sawa, wananyamaza."

"Na usiku?"

"Usiku mlango wangu uko wazi. Mwenye shida na aje."

"Watakuja," alisema Shangazi. "Hilo usiwe na shaka nalo."

Akajifuta jasho, kisha akauliza kwa upole kama siku hizi Mlezi huja mikono mitupu. Tai akajiona mshamba. Ni kweli, mlezi hutoa mchango, bila mchango si mlezi bali mgeni. Angeanza kupatana, maana kupatana kumo damuni mwake, lakini wakati huo mlango wa mizigo ulifunguka na bega moja pana likatangulia kutokea. Akachomoa bahasha iliyokuwa na mavuno yake ya msimu mzima, akaikabidhi bila hata kuifungua, jambo ambalo hajalifanya tangu atoke tumboni mwa mama yake. Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, akasema wadogo hawatamsahau.

Kwenye dirisha la tiketi za meli mambo yalikwenda haraka. Shangazi alimwambia karani kwamba mlezi mwingine amepatikana, na karani hakushangaa. Walezi hughairi kila safari, alisema, ndiyo maana kumbadilisha ni ruhusa mpaka ngazi itakapoinuliwa. Kwa nini walezi wapende kughairi raha kama ile, Tai hakuuliza. Alivalishwa kadi shingoni, juu ya tai, yenye neno MLEZI kwa herufi za kuonekana ng'ambo.

"Mungu akutie nguvu, kaka," karani alimwambia.

"Amina," Tai akajibu, akidhani ni itifaki.

Chumba kilikuwa kile alichokuwa akiwahubiria watu bila kukiona: katikati ya meli, hatua chache kutoka lifti, juu yake maktaba isiyo na mtu. Akabonyeza godoro, akanusa taulo. Kando ya kitanda kikubwa kulikuwa na vitanda vitatu vidogo vyenye vizuizi pembeni, akadhani ni vya kuwekea zawadi. Mlango wa roshani ulikuwa na kitasa juu kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alipumua mpaka chini ya tumbo, akajilaza na viatu vyake, akatunga maneno machache ya shukrani.

Mlango wa kati ukafunguka. Akaingia binti mmoja mwenye macho ya mtu asiyelala, mtoto wa kaka yake Shangazi, na mbele yake zikatangulia zile kofia za manjano. Kumbe hazikuwa zimekunjwa, zilikuwa ndogo. Chini ya kila kofia palikuwa na uso, na nyuso zote tatu zilikuwa moja.

"Wanangu, mwamkieni mlezi wenu," alisema yule binti, na katika sauti yake mlikuwa na furaha ya mfungwa aliyesamehewa.

Kiswahili ni lugha ya ukarimu, neno moja huwalaza wageni wawili kitanda kimoja. Mlezi wa chama hupigiwa makofi. Mlezi wa mtoto hupigwa makofi. Tofauti ni herufi moja tu, na Tai aliiona yote kwa pamoja, akaruka kutoka kitandani. Mlangoni alimkuta Shangazi.

Akamwambia kumetokea kosa dogo, yeye anashuka. Shangazi hakumzuia, alijibana ukutani apite.

"Ngazi bado iko chini. Ila pale gatini kuna mtu ana mabega hivi, anamtafuta mwenye tai. Nilimwambia sijamwona. Nikamwambie nimemwona?"

Tai akarudi hatua moja ndani.

"Yaya wetu alikuwa msichana mzuri," Shangazi akaendelea, bila kupandisha sauti. "Jana alikuja kuulizia mizigo, akakutana na mtu mwembamba aliyempa somo la watoto na roshani. Usiku mzima hakulala. Asubuhi ametuachia watoto watatu, akasema hawezi kubeba dhamana ya roho za watu. Somo lako lote alitusimulia, neno kwa neno. Nikasema aliyetoboa debe ndiye atakayeliziba."

"Lakini mama, ulikuwa ukiongea na simu."

"Simu yangu haina chaji tangu jana."

"Ulisema Mlezi."

"Ningesema yaya, ungegeuka?"

Kuhusu bahasha, Shangazi alimkumbusha kwamba mchango wa hiari haudaiwi. Kisha akamshika mkono binti wa kaka yake, wakapita upande wao, mlango ukafungwa. Komeo likashuka, upande wa mzazi. "Mtoto ni wetu," sauti ilipenya mbaoni, "lakini usingizi nao ni wetu." Kikafuata kicheko cha wanawake wawili wanaovua viatu.

Tai alijaribu ujanja wake. Alipiga magoti, akawaeleza wale watatu kwamba atakayekaa kimya atapata zawadi kubwa sana. Yule wa kati akauliza iko wapi. Tai akasema itakuja. Yule wa kati akataka arubuni, na baada ya mvutano mfupi tai ikahama shingo. Wakati huo wa kwanza alikuwa amekwishamwaga maziwa juu ya shati la mlezi, na wa mwisho alikuwa akisukuma kiti kuelekea mlango wa roshani, akakipanda, akakifikia kitasa, na wote watatu wakamiminika nje. Tai alikuwa amelitangaza jambo hilo siku nenda siku rudi bila kujua kwamba ni kweli. Aliruka, akawadaka nje, mmoja kiunoni, mmoja shingoni, wa tatu ananing'inia kwenye suruali.

Honi ikalia, meli ikaanza kujitenga na nchi. Na chini pale gatini, mwenye bucha akainua uso.

Tai aliganda. Hakuwa na mkono wa kujificha. Macho ya mwenye bucha yalipita roshani moja baada ya nyingine, yakimtafuta mtu mwembamba mwenye tai, yakafika kwake, yakatua. Yaliona shati lililolowa maziwa, kola iliyo wazi, kadi ya mlezi imepinda, na watoto watatu wanapiga mayowe. Mwenye bucha, baba wa wanne, akatikisa kichwa kwa huruma, akapunga mkono.

Tai akaushika mkono wa yule wa kati, akaupunga. Yule wa kati akauchomoa, akamzaba kofi la uso, na wenzake wawili, walioona jambo jema limefanyika, wakapiga makofi.