Siku Niliyotoa Shukrani kwa Moyo wa Betri

Leo nimejiaibisha, jamani. Na si aibu ya kujifungia jikoni ikaisha. Ni aibu ya kipaza sauti, mbele ya kanisa zima, spika mbili zimeelekezwa hadi barabarani. Nawaandikia hapa kwenye kundi letu kabla hamjaisikia kwa jirani yangu Mama Rebeka, maana yeye lazima aongeze chumvi.

Kwa wasionijua: mimi ni Mama Bahati wa mtaa wa Saio, hapa Bunia, muuza maharagi sokoni, mama wa watoto saba. Mwaka huu moyo wangu ulianza uvivu. Unapiga, unapumzika, unafikiri kwanza, ndipo upige tena. Nikawa naanguka ovyo. Watoto wakanipeleka Kampala, nikawekewa pesimeka. Ni mashine ndogo tu, inakaa chini ya ngozi, hapa kushoto karibu na bega, kazi yake ni kuukumbusha moyo kupiga. Ina betri. (Ndiyo, betri. Hapana, siichaji usiku. Hapana, umeme ukikatika Bunia nzima mimi sizimiki. Mtaa wote umeshaniuliza.)

Tangu nirudi, binti yangu Bahati amenifanya yai. "Mama, ikaa." "Mama, acha ile ndoo." "Mama, usinyanyue mukono." Miezi mitatu kwenye kiti cha plastiki, natazama wengine wakisonga bugali vibaya na sina ruhusa ya kuushika mwiko! Mimi niliyekuwa napokea magunia kutoka Boga na kuyapanga kwa mikono yangu! Meza yangu ya sokoni imefunikwa turubai, na wateja wangu wanakula maharagi ya watu wengine. Kuna siku nililia. Nilisema ni kitunguu.

Wiki hii daktari akanipima, akasema mkono wa kushoto uko huru na kazi nirudie polepole. Bahati hakuridhika. Akaweka sharti lake: Jumapili nikatoe shukrani kanisani. Nikienda mbele na kurudi bila shida, Jumatatu narudi sokoni. Lakini kikitokea chochote, hata kizunguzungu kidogo, nabaki kwenye kiti hadi Noeli.

"Tumesikilizana, mama?"

"Tumesikilizana." (Moyoni nikasema: utaona.)

Sasa, kwetu aliyepona hubeba shukrani yake mwenyewe. Akibebewa, watu watasema bado ni mgonjwa. Yangu ilikuwa kuku mwekundu, mnono, niliyemlisha kwa mkono wangu. Asubuhi Bahati alitangulia, anaimba kwaya, lakini aliniachia pikipiki mlangoni inipeleke. Nikamwambia dereva arudi zake. Mvua ilikuwa inanyunyiza. Nikamfunga kuku miguu, nikamviringisha kwenye kitenge, nikamfunga kifuani kama mtoto mchanga, halafu nikajifunika kitenge cha pili juu yake asilowe. Nikatembea kutoka nyumbani hadi kanisani, kwenye matope, kwa miguu yangu. Nilisimama mara moja tu. (Na hiyo ilikuwa kumsalimu mtu, msianze.)

Kawaida vitu vya shukrani vinaachwa nje ya mlango hadi uitwe. Nikaangalia ule mlango, nikaangalia watu waliosimama pale, nikasema kuku wangu haachwi. Nikaingia naye, nikakaa naye. Hakuna aliyejua.

Mahubiri yakawa marefu. Kuku akapata joto, akapata giza, akalala. Nami sasa nawaomba mnielewe. Nimelea watoto saba. Kitu kikishafungwa mwilini mwangu, kikawa cha moto na kikanyamaza, mimi nakisahau. Niliwahi kumtafuta Bahati nyumba nzima na yuko mgongoni. Basi kuku naye nikamsahau. Kabisa.

Mchungaji akaita: "Mama Bahati, njoo na shukrani yako!"

Hapo ndipo mngeniona! Kwaya ikaanzisha wimbo, wamama wakasimama, nami nikatoka kwa kucheza. Si kutembea. Kucheza! Hatua mbili mbele, moja nyuma, mabega yanafanya kazi. Katikati ya njia nikainua mkono wa kushoto, ule uliokatazwa, nikaupeleka juu hadi mwisho. Vigelegele! Mama Rebeka akavua kitambaa chake kichwani akawa ananipepea nacho. Nikamtafuta Bahati kwenye kwaya, nikamwona anaimba huku amekunja uso, ananihesabia pumzi. Nikaongeza mwendo kusudi.

Nikafika mbele, nikapewa kipaza sauti. Ningesema aksanti nikarudi kukaa. Lakini mimi, jamani, na kipaza sauti!

"Wapendwa," nikasema, "walisema Mama Bahati ameisha. Niko wapi? Niko hapa! Huu moyo munaona, hata musichana wa miaka vingt, makumi mbili tu, hana moyo kama huu!" Nikajipiga kifua, paa!

Nikasikia chini ya kiganja: tututututututu.

Nikanyamaza. Kanisa likanyamaza nami, wakidhani ni Roho Mtakatifu. Kule Kampala walinifundisha kuhesabu mapigo kwa saa, na wakaniambia ukipiga mbio kupita kiasi, keti chini, ita msaada. Nikatazama saa ya ukutani. Sekunde kumi. Nilihesabu hadi arobaini ndipo hesabu ikanishinda. (Msiniulize kwa nini sikuhisi manyoya. Kulikuwa na vitenge viwili kati yetu, na hofu.)

Nikaketi pale pale kwenye ngazi ya madhabahu. Kipaza sauti sikukiachia.

"Bahati, mwanangu, njoo. Minakufa."

Makelele! Bahati ameruka benchi la kwaya. Nikaona sina muda, niondoke na roho safi.

"Mama Rebeka, unisamehe. Ile sufuria yako kubwa, yenye ilipotea kwa kilio, siku ya maziko, haikupotea. Iko kwangu. Minaificha chini ya kitanda."

Kutoka benchi la tatu: "Nilijua! Miaka mbili nasema, watu wananiita mwongo!"

"Na maharagi ya gunia ya mwisho," nikaendelea, spika zinatangaza hadi barabarani, "nilichanganya ya zamani na ya mupya. Mungu ananiona."

Bahati akaninyang'anya kipaza sauti. Papa Yona, muuguzi wetu pale kanisani, akafika anahema, akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake.

"Quatre-vingt-huit," akasema, yaani themanini na nane. "Mama, roho iko napiga muzuri." (Kwetu moyo tunauita roho.)

"Weye uko nanidanganya nife pole! Weka mukono hapa!"

Akaweka kiganja juu ya kitenge. Nikaona macho yake yanatoka. Akashika tena mkono, akarudi kifuani, akarudi mkononi. Miaka yote ya kazi, mzee wa watu hajawahi kuona hivi.

"Mukono iko quatre-vingt-huit," akasema polepole, "na kifua iko zaidi ya deux cents, mia mbili. Mama Bahati, Kampala walikuwekea roho ngapi?"

Mchungaji akaninyooshea mikono, akaanza kukemea. Wamama wakaanza kulia kwa sauti. Bahati, machozi yanamtoka, akasema, "Acheni apate hewa!" akavuta fundo la kitenge.

Kuku akatoka.

Akatoka kwa kelele, jamani, kama anayedai haki yake. Kamba ya miguu ilikuwa imelegea kwa ile dansi, akaruka juu ya bega la Papa Yona, akatua kwenye mimbari, akajitikisa, akatutazama wote. Macho yale sitayasahau hadi nizikwe kweli.

Mpiga kinanda ndiye aliyeanza kucheka. Baada yake hakukuwa na kanisa tena. Watu walishikana, shemasi mmoja alitoka nje kabisa. Mchungaji mikono bado iko hewani, akasema kwa heshima, "Shukrani tumeipokea," naye akageukia ukuta, mabega yanatikisika.

Mimi nilitamani sakafu inimeze. Ila nilimwona Bahati. Alikuwa ameketi chini kando yangu, anacheka hadi hana sauti, amenishika mkono kwa nguvu. Miezi mitatu mtoto huyu hakucheka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule ukali wote wa "mama ikaa" ulikuwa ni woga tu, alikuwa anaogopa kila nikisimama. Nikamhurumia. Nikambusu kichwani mbele ya watu.

Papa Yona ndiye aliyeniokoa. "Bahati, sikiliza," akasema. "Mutu ametembea kwa matope, amecheza, ameona kifo na macho yake, na roho iko quatre-vingt-huit. Miye mwenyewe hapa niko cent vingt, mia moja na makumi mbili. Nani mugonjwa?"

Bahati akajifuta machozi. "Sawa, mama. Kesho uende soko."

Basi nikasimama. Mwenyewe, bila kushikwa. Nikarudi kwenye nafasi yangu kwa kucheza, mkono wa kushoto juu, na kwaya haikuwa na la kufanya ila kuniimbia. Nimeumbuka, ndiyo, lakini nimeumbuka nikiwa mzima, na katika wale wote waliocheka hakuna aliyeniambia nikae.

Mama Rebeka hakungoja hata chakula cha mchana. Alikuja na mashahidi wawili, akasubiri mlangoni hadi nikamtolea sufuria yake.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi turubai linatoka, niko mezani kwangu. Karibuni wote. Ila atakayefika pale na kunitazama kifua huku anabana midomo asicheke, huyo nitampimia kwa kopo dogo.