Mlango wa Katibu wa Muda

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Shajara yangu, niwie radhi. Tangu Mei sijaandika hata mstari mmoja. Nilishikwa na ujenzi. Sasa ofisi mpya ya chama chetu cha wakulima wa tumbaku, hapa Shanwe, imekamilika, na mimi, Kasimiri, mwalimu mstaafu, ndimi Katibu wake wa muda. Wa muda! Ijumaa Bodi itakuja kuamua nani awe Katibu kamili: mimi au karani Bashiru.

Bashiru ana meza barazani na anacheka na kila mtu. Mimi nina mlango.

Mlango kama huo niliuona Dodoma, kwenye semina. Hauna kitasa, hauna mshikio, bawaba zake hazionekani. Umefunikwa kwa mbao zile zile za ukutani. Unausukuma kidogo kwa kiganja, unafunguka. Kitasa ni kelele ya macho! Fundi Dieudonne wa Katumba, aliyenitengenezea wangu, aliniuliza mgeni atajuaje pa kushika. Nilimjibu kwamba hashiki, anasukuma. Akauliza nani atamwambia. Fundi huyu ana maswali mengi kuliko misumari.

Jumanne, 12 Agosti

Siku ya kwanza. Utulivu mkubwa! Niliagiza mlango ujazwe sponji, kelele zisipite. Dirisha langu linatazama uwanja wa nyuma. Hakuingia hata mkulima mmoja. Katika taarifa ya Bodi nimeandika: Malalamiko, hakuna. Katibu gani amewahi kuandika hivyo?

Saa tisa nilitoka. Nikamkuta Bi Donatille wa Katumba kwenye korido, ameukabili ukuta, kandambili mkononi. Marobota yake matatu ya tumbaku yamepewa daraja la chini. Anataka barua ya kuomba yakaguliwe upya. Akaniambia kwamba tangu asubuhi anaupigia ukuta hodi, na kwamba ukuta huo una adabu kuliko makarani wengi, maana haukumjibu vibaya. Nilimshukuru kwa sifa hiyo.

Nikamweleza kwamba angesukuma tu. Alishtuka. Akasema kwao mtu hasukumi mlango wa mtu kabla ya kukaribishwa. Anapiga hodi, anangoja. Nikasema ndani hodi haisikiki. Akasema basi nyie mliosoma mna kazi. Alisema "nyie" badala ya "ninyi". Sikumsahihisha, muda wa kazi ulikuwa umekwisha. Nikamwambia arudi kesho.

Jumatano, 13 Agosti

Nimegundua njama! Kila anayepiga hodi kwenye korido, Bashiru anamwitikia karibu kutoka barazani. Kisha anamhudumia. Anawaambia watu wasinisumbue, Mwalimu yumo ukutani. Wanacheka. Hata barua ya Bi Donatille ameiandika yeye.

Nilichukua hatua. Nilimwagiza Mama Athanasie, mfagizi wetu, aoshe baraza kutwa nzima, Bashiru akose pa kukaa. Aliosha vizuri. Bashiru akahamishia meza kwenye korido, kiti chake kimeziba mlango wangu. Nilipomwambia kwamba ameziba mlango, aliniuliza, kwa heshima zote, upi.

Alhamisi, 14 Agosti

Fundi Dieudonne alikuja na kitasa mfukoni. Akasema nusu saa tu, mzee wangu, na watu wataingia. Nikakataa. Akapendekeza japo karatasi ya maelekezo. Nikakataa pia. Mlango unaohitaji maelezo si mlango wa kisasa.

Kesho nitaipokea Bodi nikiwa ndani, nimeketi. Wauone ukifunguka wenyewe.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa mbili niliketi, suti nyeusi, hotuba mezani. Bodi ilitarajiwa saa tatu. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Niliongeza katika hotuba aya moja kuhusu kuheshimu muda.

Saa saba nilitoka. Mwenyekiti, Mzee Mwandu, na wajumbe wote walikuwa kwenye meza ya Bashiru, wanamalizia chai na mihogo. Kikao kimekwisha! Mzee Mwandu alieleza kwamba walipiga hodi mara tatu, kama inavyopasa, wakanyamaziwa. Bashiru ndiye aliyewakaribisha. Mwenyekiti akasema kwa masikitiko kwamba Bodi haiwezi kumthibitisha mtu asiyepatikana ofisini kwake. Bashiru ni Katibu. Mimi, kuanzia Jumatatu, ni mtunza stoo ya magunia.

Bi Donatille alikuwepo, marobota yake yamepandishwa daraja. Akanipa pole. Akasema angalau leo ameniona.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimetafakari usiku kucha na kosa nimeliona. Fundi aliacha mwanya mwembamba kama uzi kuzunguka mlango. Ndiyo maana Bodi ilijua pa kupigia hodi. Isingejua, ingeniulizia!

Asubuhi nilikwenda kuikagua stoo. Aibu! Mlango wa bati, kufuli kubwa kama ngumi, mshikio wa nondo. Papo hapo nikaiandikia Bodi barua: mlango mpya, mbao kama za ukutani, sponji maradufu, mwanya usiwepo kabisa.

Katibu Bashiru aliipokea kwa mikono miwili. Aliuliza jambo moja tu: wakulima watayapataje magunia. Nilimjibu kwamba mwenye shida atasukuma.

Bodi inakaa Jumanne. Wakishaamua, nitaandika.