Basi la Ploti Langoni kwa Mzee Mburu

Jumatatu, 3 Novemba

Lynn, yule muuza ploti, amepiga simu tena! Nilikuwa na wembe mkononi na mteja kitini. Nikashtuka. Mteja ametoka hapa kwenye duka langu la kinyozi, Kiganjo, na ndevu upande mmoja, na hakulipa. Nimemwambia Lynn sitaki ploti, pesa sina, na Bwana Mwas anayemtafuta, yaani mimi, alihamia Kongo. Amecheka sana. Akasema basi atampigia kesho akirudi.

Hiyo ni shida ndogo. Kubwa ni kwamba Jumamosi watu wangu wanapeleka posa kwa kina Becky, kule Ruiru, na gari hakuna. Binamu yangu Ndegwa aliahidi pikapu yake. Leo anasema imeharibika. Jioni nimeiona mjini Thika imejaa viazi, Ndegwa kwenye usukani anapiga miluzi. Wivu! Hajakubali mpaka leo kwamba Becky alinichagua mimi.

Na babake Becky, Mzee Mburu, ameshasema: wageni wakifika kwa bodaboda kama mzigo wa sukuma wiki, warudi walikotoka. Nampenda Becky jamani. Nikimkosa nitafunga duka na kunyoa kondoo.

Jumanne, 4 Novemba

Lynn tena. Eti Jumamosi kuna safari ya bure kwenda kuona ploti. Basi la kampuni, soda, soseji. Nilikuwa karibu kukata simu, nikauliza tu ploti ziko wapi. Nje kidogo ya Ruiru!

Haiya! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi nywele ndiyo kazi yangu. Nimemwambia nina kundi la wawekezaji, watu wazito, wengine wamestaafu. Lynn ameniita bosi. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Tatizo: basi haliondoki bila kujaa, na kila abiria lazima atoe jina na nambari ya simu. Nimetaja wazee wangu, mama, shangazi zangu wote. Kikabaki kiti kimoja. Nikafikiri. Nikampa jina la Mzee Mburu, na nambari yake, nikasema huyo atapandia Ruiru. Nani ataumia?

Alhamisi, 6 Novemba

Becky amepiga, sauti imebadilika. Babake hana amani. Watu wa ploti wanampigia tangu jana, asubuhi mpaka usiku. Jana walimpata akiwa mazishini, katikati ya maombi, na mlio wa simu ya mzee ni wimbo wa dansi. Becky ameuliza ni nani asiye na haya aliyetoa nambari ya mzee wa watu.

Nimewalaani walaghai wa siku hizi kwa sauti kubwa. Becky akasema nina roho nzuri. Kweli ninayo.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimewapa watu wangu maagizo. Tukifika kwenye ploti, tikiseni vichwa na muulize habari ya maji. Neno posa lisitajwe. Shangazi Wamboi, ambaye ni mkubwa wa akina mama kanisani, ameuliza kama huo si uongo. Nimemwambia ni ukweli uliopumzika. Hakuridhika, lakini alipenda sana mambo ya soseji.

Jumamosi, 8 Novemba

Basi lilifika mapema! Kubwa, safi, limeandikwa NUNUA PLOTI LEO ubavu mzima. Lynn mwenyewe ni msichana mdogo, mchangamfu, hajui kukasirika. Aliuliza yule mbuzi wa posa tuliyempandisha ni wa nini. Nikasema ni wa kupima nyasi. Akakubali!

Kwenye ploti kila mtu alipewa soda na kofia ya manjano. Wazee wakapenda ploti kweli. Ilibidi niwasukume garini. Nikamwambia Lynn mwekezaji aliyebaki ni mtu wa heshima, lazima afuatwe kwake, tena kwa nyimbo. Akasema kampuni haijawahi kupata wateja kama sisi.

Tukafika langoni kwa Mzee Mburu. Limefungwa. Hakuna aliyeshtuka, kwetu lango la mchumba halifunguki mpaka akina mama waimbe. Wakaimba. Lango halikusogea. Wakaongeza wimbo. Lynn naye akaingia kwenye wimbo, sauti tamu ajabu. Pazia likasogea, likarudi haraka. Shangazi Wamboi akasema hii ni familia inayojua mila. Wakaimba mpaka wakakauka sauti. Mbuzi akalala.

Becky akapiga simu, ananong'ona. "Mwas, mko wapi? Watu wa ploti wamekuja mpaka kwa gate, na kofia za manjano! Baba amejifungia. Anasema hatatoka mpaka waende."

Nikamwambia tuko karibu. Karibu sana.

Nikapiga kelele watu wavue kofia. Becky akaitambua sauti yangu, akafungua lango, akaniona, akaona basi. Nyuma yake akatokea Mzee Mburu na rungu, tayari kufukuza watu wa ploti. Kabla sijafungua mdomo, Lynn akamkimbilia na mkono mbele: "Mzee Mburu! Shikamoo! Mwas alituambia wewe ndio mwekezaji wetu mkubwa!"

Ngai, Mungu wangu! Mama yangu akatazama viatu vyake. Mzee akanitazama mimi. Becky akanitazama mimi. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, niliona nimeshampoteza Becky pale pale nilipokuwa nimesimama.

Shangazi Wamboi akasogea. Akasema mzee, huyu kijana ni mjinga, tunamjua tangu azaliwe, lakini hana gari na ametufikisha sote, na mbuzi. Msichana wako hatakosa kitu.

Becky akaanza kucheka. Mamake akafuata. Mwishowe mzee mwenyewe, rungu likamponyoka. Posa imepokelewa! Tumekula, tumeimba tena, Lynn amecheza na baba mdogo wangu.

Lakini nimepigwa faini. Nimechukua ile laini ya simu ya mzee, na nitapokea simu zake zote za ploti mpaka zinyamaze. Yeye amenunua laini mpya. Nambari wanaijua watu wa nyumbani tu, na mimi nikapewa, kwa sababu sasa mimi ni mtoto wake. Nilitokwa na machozi.

Jumatano, 12 Novemba

Simu mbili zinalia duka zima. Sijali, nimeposa! Ndegwa alipita, nikampungia mikono yote miwili.

Sasa kina Becky wanataka kuja kuona nitamweka wapi binti yao. Watu wengi, wote wa kula, na mimi jikoni nina sufuria moja, haina mfuniko.

Leo amepiga kijana mmoja, Jared, muuza sufuria. Kampuni yao inakuja nyumbani, inapikia wageni wako kuku, pilau, kila kitu, bure kabisa, ili waone sufuria zinavyopika. Bure! Wanachotaka tu ni nambari za simu za wageni.

Nimempa zote. Nimeanza na ile mpya ya Mzee Mburu, kwa heshima.