Nguvu za Msukuma

Ndugu zangu wa machimbo ya Geita, leo nimejiaibisha hapa Mhunze mbele ya watoto, wazazi wao na mbuzi wawili.

Asubuhi alifika mwalimu kutoka Tanga, anayezunguka na lori akiwaonyesha watoto maajabu ya sayansi. Wazazi nao huja, wakisingizia kuwasindikiza. Alitaka mkalimani wa Kisukuma, maana wazee wengi huku hawasikii Kiswahili. Mkalimani huyo akifanya vizuri leo, anapanda lori hadi Runzewe na kuendelea. Lori! Mnanijua. Nina mwezi mmoja tu nyumbani na nyayo zimeshaanza kuniwasha.

Nikajitokeza. "Kiswahili unakijua?" akaniuliza.

"Mwalimu, mimi nimefika mpaka Dar es Salaam!" (Sikuulizwa nimefika wapi.)

Tukaanza vizuri. Akatoa chuma kilichopinda kama pembe za ng'ombe, akasema kwa ile kasi yao ya pwani: "Leo mtaona nguvu za sumaku!"

Sumaku? Vipindi vya sayansi mimi nilikuwa natoroka shule. Neno hilo sikuwahi kulisikia. Nikaona maskini, mtu wa pwani, jina letu limemshinda. Nikamsahihisha kimyakimya.

"Leo mtaona nguvu za Msukuma!" nikatangaza kwa Kisukuma.

Vigelegele!

"Sumaku huvuta chuma bila kukigusa."

"Msukuma huvuta chuma bila kukigusa!"

Hapo Baba Masanja, mfugaji mwenye kifua kama mlango wa ghala la pamba, akavua shati. "Msukuma ni mimi. Chuma kiko wapi?"

Akasimama mbele ya msumari uliokuwa mezani, akanyoosha mkono, akakunja uso. Msumari kimya.

"Vuta, Baba Masanja! Usituaibishe!" mkewe akapaza sauti.

Jasho likamtoka. Mwalimu akanigeukia. "Huyu anafanya nini?"

"Anavuta, mwalimu."

Msichana mdogo wa darasa la tatu akasimama mstari wa mbele, akanigeukia mimi. "Shikamoo, baba. Amesema sumaku. Si Msukuma." Akachukua kile chuma, akakisogeza. Msumari ukaruka: tak!

Walicheka mpaka mwalimu akashikilia lori asianguke. Asiyecheka ni Baba Masanja. Alikuwa anafunga vifungo vya shati, polepole, akinitazama.

Lori limeondoka saa nane mchana. Mkalimani atatafutwa hukohuko Runzewe.

Watoto sasa wananiita Sumaku. Miaka ishirini nazunguka nchi hii bila kunaswa na kitu, leo nimenaswa na jina. Atakayewasomea barua hii hapo kambini, tafadhali, akifika kwenye vigelegele ajifanye taa imezimika.