Koma Zote Kuwa É

Jumatatu, 8 Oktoba 2007, Bihambwe
Siku njema! Mama Emérence, kiongozi wa kwaya ya wakimbizi wa Buleusa, ameingia sekretaria yangu, kibanda cha kuchapa, na disketi ndani ya kitambaa. Nyimbo zao zote za arusi zimo humo. Madaftari yaliungua, wazee waliojua maneno wametawanyika, na Jumamosi binti yake Olga anaolewa. Bila karatasi, vijana hawataimba kitu. Aliniambia polepole: «Papa Gustave, hii njo kitu tulikimbia nayo. Ingine yote ilibakia kule.» Nikaahidi kumaliza kesho. Jean-de-Dieu, mwenye sekretaria ng'ambo ya barabara, alituchungulia. Ana diploma ya Goma na hana mteja. Raha!

Jumanne, 9 Oktoba
Disketi imefunguka. Maneno ya nyimbo ni safi. Ila majina ya watungaji! Mashine ya zamani ya parokia yao na hii yangu hazielewani: kila é imegeuka koma. «Gr‚goire». «Em‚rence». Nilimwonyesha mama, akauliza nani amemkata jina vipande viwili.
Jean-de-Dieu akaja eti kusalimia. Akaeleza kwamba kila herufi ina namba yake, na namba moja mashine hii inaisoma hivi, ile inaisoma vile. Akaomba disketi airekebishe. Wanasema mchawi mpe mwana kulea. Mimi mwana wangu simtoi.

Jumatano, 10 Oktoba
Akili! Mashine ina «Remplacer tout», yaani badilisha zote. Nimeiamuru koma zote ziwe é. Bonyeza moja tu! Ikatangaza imebadilisha mamia, ingawa majina hayo ni machache. Nikaona mashine ina bidii. Nikahifadhi juu ya disketi ile ile, nikaenda kunywa chai.

Alhamisi, 11 Oktoba
Balaa. Alama ile ya kwenye majina si koma, inafanana na koma tu. Emérence bado amekatwa. Koma za kweli ndizo zilizogeuka: «Njooé njooé bibi arusié baba anakuita.» Ukurasa baada ya ukurasa!
Jean-de-Dieu aliuliza kwa upole kama nilitunza kopi. Nikamjibu: «Bila shaka!» Sina. Nyimbo za kijiji kizima, na mimi nimezitia kelele. Nikarekebisha jina la mama kwa mkono, hilo kwanza, nikachapa. Karatasi ya mwisho ilipotoka, esansi ya jenereta ikaisha. Barabara ya Sake imefungwa kwa mapigano, ya kununua hakuna.

Ijumaa, 12 Oktoba
Nimepeleka karatasi ndani ya bahasha niliyoibandika kwa gundi. Nikamwambia mama kwamba desturi ya wachapaji ni bahasha ifunguliwe kanisani, kwa heshima. Mazoezi? Sauti si wanazijua! Akaniamini, akanibariki. Nilimhurumia kweli. Kesho nitakaa karibu na mlango.

Jumamosi, 13 Oktoba
Vijana walisoma walichokiona. «Njoo-é! Njoo-é! Bibi arusi-é!» Nikashika mlango. Lakini akina mama wa nyuma wakajibu «é!», ngoma ikaingia, na kanisa lote likasimama kucheza. Olga alipita akicheka na kulia. Hata watu wa Bihambwe, ambao hawajui Buleusa iko wapi, waliimba.
Nikaacha mlango, nikahamia benchi la mbele. Mama Emérence alinifuata na macho mekundu: «Kule hatukuimbaka vile, Papa Gustave. Lakini uiache vile iko.» Jean-de-Dieu alinipongeza, akauliza nilifanyaje. Nikamwambia ni siri ya kazi. Sijawahi kula nyama tamu kama ya leo.

Jumapili, 14 Oktoba
Nina furaha. Papa Maurice, mfanyabiashara wa Butembo, amenipa esansi kunishukuru kwa arusi nzuri. Na mama ameleta disketi ya pili, aliyokuwa ameitunza bila kumwambia mtu: nyimbo za kuwaombea waliouawa Buleusa. Ameomba nizichape tu, taratibu, bila kugusa kitu. Unyenyekevu wa wateja! Nimeshabonyeza. Koma zote zimekuwa é, na safari hii hata nukta zimekuwa ô. Misa ya wafu itachangamka.