Rubisi ya Domisiana, Miguu ya Ndizeye

Jumapili, 7 Juni 1998

Siku ya hamsini na tano bila Domisiana. Nazihesabu kwa mkaa ukutani, nyuma ya mlango, ili wageni wasione.

Aliondoka Jumatatu ya Pasaka, akarudi kwao Nyantakara. Kisa ni mbuzi. Mbuzi wake wa maziwa nilimtoa kumsajili beki kwa ajili ya timu yetu ya Kimbunga, ambayo mimi Frednand ndiye katibu, mwalimu na mtunza mpira. Beki alicheza dakika ishirini, akaenda Karagwe kuoa, hajaonekana tena. Domisiana alisema anaweza kuishi na mwanamume maskini, tena anaweza kuishi na mwanamume mpenda mpira, ila si mtu anayetoa mbuzi anayemjua kwa ajili ya mchezaji asiyemjua. Akafunga furushi. Sikumwelewa. Mpaka leo simwelewi vizuri.

Lakini mpango uko tayari! Mke aliyerudi kwao hafuatwi mikono mitupu. Desturi inataka rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mzee wa kukusemea. Baba mkwe ametaja madumu manne. Leo nimevundika mikungu yote iliyokomaa shambani, shimo limejaa. Mzee Matiasi, katekista wetu hapa Nyakisasa, nimempa shikamoo tatu kwa siku moja mpaka akakubali kuwa msemaji wangu. Tunakwenda Jumapili ijayo.

Nyumba imenyamaza mno. Kanga yake ya kijani bado iko kwenye msumari. Siigusi. Naiangalia tu.

Jumatano, 10 Juni

Habari kubwa! Sokoni wanasema kuna kijana kambini Lukole, mkimbizi, anaitwa Ndizeye, alikuwa na timu kubwa kabisa ya Bujumbura miaka sita. Miaka sita! Na hana timu sasa. Yuko huru kama ndege. Wanasema pia Desderius wa Rulenge, mwenyekiti wa wale wapinzani wetu, mwenye mashine ya kusaga na tumbo la kufanana nayo, ameshaanza kumfuatilia.

Tarehe ishirini na moja tunacheza na Rulenge. Hatujawafunga tangu niwe katibu. Kwa kweli hatujawafunga tangu nizaliwe.

Nimewaza hivi: tukiwafunga Rulenge, habari itafika Nyantakara kabla ya jua kuzama. Domisiana atasikia. Atasema, kumbe mume wangu alikuwa anajua anachofanya. Kwa hiyo kumsajili Ndizeye na kumrudisha Domisiana ni kazi moja.

Kesho naenda kambini. Kuangalia tu.

Alhamisi, 11 Juni

Nimeangalia. Jamani! Mrefu. Miguu mirefu. Viatu vya mpira vya kweli vimening'inia mlangoni, vimepakwa mafuta, kamba zimefungwa kama za askari. Mtu anayetunza viatu namna ile hawezi kuwa wa hivi hivi.

Mazungumzo nimefanya na mjomba wake, mzee Niyongabo. Ndivyo inavyotakiwa. Ukienda kuomba mtu unazungumza na mkubwa wake, na anayeombwa anakaa pembeni anatazama chini. Ndizeye alikaa pembeni akatazama chini. Adabu nzuri! Niliuliza kwa upole kama kijana anaweza kupiga mpira kidogo tuone. Mzee Niyongabo akanitazama kana kwamba nimeomba bibi harusi apandishwe kwenye mizani. Nikaona aibu. Nikaomba radhi.

Ajabu ni hii: mbuzi hataki. Blanketi hataki. Anataka rubisi. Anasema mahindi na maharage ya mgawo wanayo, lakini tangu avuke mto hajaonja pombe ya ndizi iliyokamuliwa kwa mkono. Kwao alikuwa na shamba la migomba linaloshuka mpaka bondeni. Na binti yake Akimana anaolewa Jumatatu, sasa watu wapongezane kwa maji ya bomba? Macho yalimlowa. Na yangu pia. Mimi najua kukosa kitu.

Akataka dumu moja. Nikamwambia nitafikiri.

Ijumaa, 12 Juni

Desderius ametuma mtu kutoa madumu mawili! Nimepata habari asubuhi nikiwa nakamua ndizi zangu kwa nyasi. Nimeacha mtumbwi wa kukamulia pombe, nimepanda baiskeli na mikono yangu inanata, nimefika kambini, nimesema matatu.

Niko njiani kurudi, mtu wa Desderius akanipita na baiskeli yake anacheka. Nikajua wamepandisha dau. Nikageuza. Nikasema manne.

Madumu manne! Mzee Niyongabo alinishika mkono kwa mikono miwili. Nimemshinda Desderius! Nimeimba njia nzima. Nilipofika Nyakisasa ndipo nikakumbuka kwamba madumu manne ndiyo niliyonayo.

Mzee Matiasi kaniambia nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikamjibu kwa heshima kwamba kwenye redio wanatangaza Kombe la Dunia huko Ufaransa, na klabu za huko zinatoa mamilioni kwa vijana ambao hawajafunga hata goli la mazoezi, na hakuna katekista anayewauliza. Akasema pengine hao wana wake zao nyumbani.

Hilo halikuwa la lazima.

Jumapili, 14 Juni

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda Nyantakara. Rubisi imekwenda kambini badala yake. Ilikuwa tamu, nyekundu, inachemka yenyewe. Nimeonja kidole kimoja, nikamkumbuka Domisiana anavyopenda kuonja kabla haijaiva, halafu anasema haijaiva.

Limi amepita, yule mama anayeuza mayai kutoka Nyantakara. Kaleta ujumbe: Domisiana anauliza kama pombe iko tayari, maana alifagia uwanja wa kwao tangu jana. Nimetuma jibu kwamba ndizi zimegoma kuiva. Limi akanusa. Nyumba nzima ilikuwa inanukia rubisi. Akanusa tena, akachukua mayai yake, akaondoka bila kuaga.

Jumatano, 17 Juni

Ndizeye amekuja na kibali chake cha kutoka kambini. Mazoezi ya kwanza!

Hakukimbia. Nilimwelewa mara moja: anatunza mwili. Lakini mambo mengine, mama yangu! Kabla ya mazoezi amepanga jezi zetu kumi na moja kwenye nyasi kwa mstari. Mpira ameupima kwa kidole gumba akasema umelegea, akaujaza, ukawa mgumu kama nazi. Idefonsi, beki wetu, alipojikwaa, Ndizeye alikuwa ameshafika na maji kabla hata hajaanguka vizuri. Timu kubwa hizi! Hata nyota wanafundishwa kujali wenzao.

Hajagusa mpira kwa mguu hata mara moja. Nimewaambia vijana wajifunze uvumilivu huo.

Jumapili, 21 Juni

Nitaandika yote. Nikiacha mpaka kesho nitaanza kuyatengeneza.

Uwanja ulijaa. Watu wa Rulenge walitoka misa wakaja moja kwa moja. Desderius alikuja na kiti chake. Na upande wa pili, karibu na mikaratusi, amesimama Limi na ndoo yake ya mayai, na pembeni yake... Domisiana!

Gauni la maua. Alisema baadaye kwamba alikuwa anakwenda kumwona shangazi yake hospitali. Shangazi gani? Sikuuliza. Amekonda kidogo. Nikasahau kupanga timu, wachezaji wakajipanga wenyewe.

Ndizeye nilimweka mshambuliaji wa kati. Dakika kumi hakuonekana. Dakika ya kumi na mbili Mungu akatukumbuka: kipa wa Rulenge ameteleza, yuko chini, mpira umetoka kwa winga wetu, umekuja taratibu, umesimama mbele ya Ndizeye. Goli tupu! Mbuzi angefunga. Nimenyoosha mikono juu tayari, namtazama Domisiana.

Wakati huohuo, huku nyuma, Idefonsi kagongana na mtu, kaanguka, kalia.

Ndizeye kageuka. Kauacha mpira. Kakimbia, na sijawahi kuona mtu anakimbia namna ile, mpaka kwenye ndoo ya maji, kaichukua na kitambaa, kavuka uwanja mzima, kapiga magoti, kaanza kumkanda Idefonsi mguu. Rulenge wakachukua mpira wao, wakaenda kufunga. Ndizeye hakuinua hata kichwa.

Tumefungwa nne bila.

Baada ya mchezo nilimuuliza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimuuliza yeye mwenyewe. Alinijibu bila kuficha: alikuwa mfua jezi na mbeba ndoo. Miaka sita. Viatu vile aliachiwa na mchezaji mmoja avitunze, na anavitunza. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema hakuna aliyemuuliza, na si adabu kuwakatiza wakubwa. Mjomba wake hajawahi kukanyaga uwanja wa mpira maisha yake. Alijua tu kwamba kijana alikuwa na timu. Halafu Ndizeye akaniambia kitu. Anachokikosa cha Bujumbura si magari wala taa, ni harufu ya jezi mbichi kwenye kamba siku ya Jumatatu. Akaomba afue zetu. Nikashindwa kumkasirikia. Nilijaribu.

Desderius alipita na kiti chake kichwani. Alisema hakuwahi kumtaka hata siku moja. Alikuwa anapandisha dau tu, aone nitafika wapi.

Nikajua Domisiana ameshaondoka. Kumbe hapana. Alikuwa bado kwenye mikaratusi, amekaa chini, anacheka. Anacheka mpaka Limi ameshusha ndoo ya mayai amshikilie. Siku sitini na tisa sijasikia kicheko kile! Nikasimama pale kama mwizi. Ningefungwa hata kumi.

Alipofuta machozi alisema anajua rubisi ilikokwenda, pua ya Limi haidanganyi. Akasema madumu manne ni ya baba yake, si ya kwake, na yeye ameshazungumza na baba yake, mzee amelegea. Kibuyu kimoja kinatosha. Kimoja tu, cha heshima, baba mkwe asiaibike mbele ya majirani. Jumapili ya tarehe tano. Lakini nije mimi mwenyewe, na kibuyu kisisimame popote njiani. Akasema pia, akitazama kwingine, kwamba kule kwao usiku kuna baridi.

Jumatano, 24 Juni

Shamba langu halina mkungu. Nimekwenda kwa shangazi Agripina, nimepiga magoti. Ametoa mkungu mmoja na matusi ya kutosha miwili. Nimevundika. Nimekaa juu ya shimo kulilinda mpaka Odeta, jirani yangu, akauliza kama nataga.

Jezi zimerudi zimefuliwa, zimekunjwa, zinanukia. Hatujawahi kuwa na jezi safi kiasi hiki. Niseme kweli, Ndizeye ni usajili bora niliowahi kufanya.

Jumamosi, 4 Julai

Rubisi iko tayari. Kibuyu kimoja, kimezibwa kwa jani la mgomba. Mzee Matiasi ameonja, akafumba macho, akasema hii hata askofu angeisemea vizuri. Yeye anatangulia alfajiri kwa lori la mahindi, tukutane kwa baba mkwe.

Nimefagia nyumba. Nimefua kanga ya kijani, nimeianika, nimeirudisha msumarini. Limi anasema Domisiana amesukwa nywele tangu jana, na anaulizwa na wadogo zake ni sikukuu gani, anawatuma maji.

Kesho! Mungu wangu, kesho.

Jumapili, 5 Julai

Nilitoka asubuhi, shati jeupe, kibuyu kimefungwa kwenye baiskeli kwa kamba tatu. Sikusimama popote. Nilisimama njia panda tu, maana mzee Niyongabo alikuwa pale, ameketi kwenye jiwe. Mtu mzima hapitwi bila salamu.

Aliniomba msamaha kwa mambo ya Ndizeye. Alisema hajalala vizuri tangu siku ile. Akasema anataka kulipa wema kwa wema: kuna kijana mwingine kambini, naye mpwa wake, Nshimirimana, kipa. Mikono kama sahani. Hajafungwa tangu avuke mpaka. Na kwa ajili yangu, kwa kuwa sasa ni ndugu, hatataka madumu manne. Kibuyu kimoja tu.

Nilikataa! Iandikwe kwamba nilikataa. Nilisukuma baiskeli hatua ishirini nzima kuelekea Nyantakara.

Ndipo akasema kwa nyuma, taratibu, kwamba mtu wa Desderius alikuja jana.

Lakini safari hii si mjinga mimi. Nimejifunza. Nilimuuliza waziwazi, uso kwa uso, bila aibu: huyu ni kipa kweli, anacheza, anadaka, si mbeba ndoo? Akaapa kwa marehemu mama yake kwamba anadaka. Sasa hapo mtu atake nini zaidi? Nimemuuliza mjomba wake mwenyewe.

Mzee Matiasi atakuwa ameshafika. Watakuwa wametandika mkeka. Nimemtuma Limi, aliyetokea hapo njia panda na mayai yake, aseme kibuyu kimevunjika. Limi alinitazama, akatazama kibuyu kikiondoka na mzee Niyongabo kwenye njia ya kambini. Ndoo yake hata hakuishusha.

Nimerudi nyumbani. Kumefagiliwa vizuri sana. Kanga inanukia sabuni. Nimekaa mbele yake, shati bado jeupe, nikaieleza taratibu habari za mikono ya Nshimirimana, na kwamba Jumapili ijayo nakwenda Nyantakara, bila kukosa, na vibuyu viwili.