Uzinduzi wa Kituo cha Kuelewa Kasuku, Mtaa wa Imbaba

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Gavana, uliyeshindwa kufika ila umetuletea kiti chako; waheshimiwa wakurugenzi mlio kazini na mlio likizo; wauza ndege wa soko la Ijumaa; akina mama mnaotutazama kutoka roshani; na wewe Hajja Inshirah, mwenye kasuku Antar, anayejinyonyoa manyoya ya kifua tangu binti yako alipoolewa akahamia Kuwait, na ambaye ndiye mgonjwa wetu wa kwanza: asalaam alaykum! (Makofi. Kasuku anapiga mluzi.)

Mimi, Mhandisi Shukri Abdul-Mawgud, Katibu Msaidizi wa Kamati ya Uratibu wa Tabia za Ndege wa Ndani, nasema bila kujisifu, ingawa sifa ninazo, kwamba kufuatia upembuzi yakinifu nilioufanya binafsi nikiwa mkahawani, na baada ya kushirikisha wadau wote waliokuwa wakicheza domino, imebainika kuwa kasuku wa Imbaba hawaeleweki kwa asilimia mia moja na ishirini, hali ambayo mchakato wetu utaipunguza hadi mia moja kamili! (Vigelegele kutoka ghorofa ya tatu.)

Kitaalamu, kasuku akisimama kwa mguu mmoja ana upungufu wa mguu. (Hajja Inshirah: “Amepumzika tu, Mhandisi!”) Akisaga mdomo, anadai chakula. (“Usingizi huo, mwanangu! Hujawahi kufuga hata kuku?”) Maswali mwishoni, Hajja. Sasa mtazameni Antar mwenyewe: mboni zinapanuka na kusinyaa, manyoya ya shingo yamesimama, mkia ameufungua wote. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo ishara ya heshima kwa uongozi, nami naipokea kwa kumnyooshea kidole hiki cha... (“Mhandisi, ondoa mkono!” Kasuku anamng'ata. Vicheko.) Sijaumia! Damu hii ilikuwa kwenye bajeti!

(Kasuku anatoa sauti: tang! tang! tang! Ni mlio uleule wa muuza gesi anapopita mtaani akigonga mtungi kwa spana. Umati unatimka kwenda kuchukua mitungi mitupu.)

Akina mama, rudini! Siyo gesi, ni kasuku! Bado nina kurasa tisa! (Sauti kutoka ngazini: “Hotuba yako haiivishi maharage ya ful, ya Basha!”) Wanaume nanyi? Hata wewe mpiga picha?

Basi, nahitimisha. Kasuku aeleweke! Mkia usomwe! Kamati idumu! (Hajja peke yake: “Idumu, idumu. Mtaalamu yuko wapi?”) Kwa heshima kubwa namshukuru Usta Rizq wa ukumbi wa harusi, aliyetuazima mlango huu tulioufunga utepe, na viti viwili vinavyouegemeza usianguke, na nawashukuru sana watu wa roshani, ambao tangu mwanzo mmeona kwamba nyuma ya mlango hakuna kitu, mkaninyamazia.

(Hajja Inshirah: “Hakuna daktari? Nimempitisha ndege wangu juani kwa ajili ya mlango?”)

Hajja, usilie, nakuomba. Nimezindua vitu vingi, na hakuna aliyewahi kuja na mgonjwa. Nimeona aibu, wallahi.

(“Hebu ngoja. Tazama chini ya tundu. Hajanyonyoa hata unyoya mmoja tangu ulipoanza kusema.”)

Hata mmoja? Lakini mbona sasa anatikisa kichwa, juu, chini, juu... Ya salaam! Amenitapikia mbegu kwenye tai! Kitaalamu, hii ni dharau ya wazi kwa...

(“Dharau gani? Anakulisha! Amekupenda, Mhandisi! Binti yangu alikuwa hafungi mdomo kutwa, na sasa nyumba imekufa kimya. Anachotaka ni maneno. Na wewe, mashallah, maneno unayo.”)

Ndugu wananchi, yaani Hajja na Antar! Kwa mamlaka niliyonayo, na tai hii kama ilivyo, natangaza kwamba kituo kimefunguliwa rasmi sebuleni kwa Hajja Inshirah, kila siku baada ya Alasiri, chai juu ya mwenyeji, mhutubu ni mimi. Mlango mrudishieni Usta Rizq, ana harusi leo. Na namshukuru kwa dhati Antar, msikilizaji wa kwanza katika utumishi wangu wote aliyetaka niendelee. Ukurasa wa kumi...